Mfa maji akiacha kutapatapa

Wahenga walinena kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Bila shaka walikuwa wamemtazama vizuri mtu anayezama, maana hivyo ndivyo anavyofanya: hupigapiga maji kwa mikono, hurusha miguu, hunyoosha shingo akitafuta hewa. Walichotuachia tukijazie wenyewe ni kwamba kutapatapa huko ndiko kunakommaliza. Maji yale yale yanayommeza yangeweza kumbeba mpaka msaada ufike, laiti angejua kulala chali na kutulia.

Ombi langu kwako leo, msomaji mpenzi, ni dogo. Jifunze kuelea, kisha umfunze mwanao. Sisemi uogelee kama wale tunaowatazama kwenye Michezo ya Olimpiki. Nasema kuelea tu, ujuzi ambao watu wengi wenye afya huweza kuupata kwa siku chache katika maji yanayowafika kifuani. Sisi tunaoishi Kisumu na katika ufuo wote wa ziwa letu tunauhitaji kuliko Wakenya wengi wengine, na ajabu ni kwamba wengi wetu hatunao. Mtu huzaliwa akiliona ziwa, husoma akiliona ziwa, huoa na kuzeeka akila samaki wake, lakini ukimwambia aingie maji ya kufika shingoni, hutetemeka kama mgeni aliyeshuka jana kutoka jangwani.

Kifo kisichopiga kelele

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Hata hivyo sehemu hiyo ndogo ina watu wengi: wavuvi wa omena wanaotoka usiku na taa zao, abiria wa mashua za kwenda Mfangano na Rusinga, akina mama wanaofua ufuoni, watoto wanaotumwa maji. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa zima kila mwaka. Dhoruba za ziwa hili hupenda kuzuka usiku, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana juu ya maji yenye joto. Huo ndio wakati mvuvi wa omena yuko kazini.

Majanga makubwa tunayakumbuka. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Zingatia jambo hili: kivuko hicho kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika gati. Hawa hawakufa katikati ya ziwa ambako jicho halioni nchi kavu. Walikuwa karibu na watu.

Lakini vifo vilivyo vingi haviandikwi katika ukurasa wa kwanza wa gazeti. Mtoto ameteleza kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga kule Ahero. Mwingine amechukuliwa na mto Auji unapofurika Nyalenda. Kijana ameingia kwenye shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua. Baba ametoka kwenye matanga kisiwani, mashua imejazwa kupita kiasi. Mmoja mmoja, kimya kimya, watu wetu wanakwisha.

Nasema kimya kimya kwa sababu nyingine pia. Wengi hudhani anayezama atapiga mayowe. La hasha! Sauti inahitaji pumzi, na yeye pumzi hana. Mdomo wake huzama na kuibuka, mikono yake husukuma maji kando kama anayepanda ngazi isiyoonekana, na macho hukodoa. Mara nyingi hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60 tu, kisha huenda chini. Ndiyo maana mtoto huweza kufa maji mita tano kutoka kwa watu wazima wanaozungumza.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti mnamo Desemba 2024 likakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka wa 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tangu mwaka wa 2000 kiwango cha vifo hivi kimeshuka kwa asilimia 38 duniani. Ulaya kimeshuka kwa asilimia 68. Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu. Tumepambana na surua, tumepambana na malaria, tukapata ushindi wa haja. Kwa maji hatujaanza vita.

Hesabu ya kilo moja

Kwa nini mtu huzama, na kwa nini huelea? Hebu tufanye hesabu. Kitu huelea kikiwa chepesi kuliko maji yenye ukubwa sawa nacho. Mwili wa binadamu uko karibu sana na mpaka huo. Mtu wa kilo 70 akijaza hewa mapafuni, huwa mwepesi kuliko maji ya ziwa kwa kilo moja hivi, pengine moja na nusu. Akiitoa hewa yote, huwa mzito kuliko maji, naye huzama. Uhai wake basi unategemea kilo moja tu, na kilo hiyo iko kifuani mwake.

Sasa tazama anavyoitumia. Kichwa chake kina uzito wa kilo 4 au 5. Akikitoa chote nje ya maji, amekwisha kutumia zaidi ya alichonacho, kwa hiyo lazima apige miguu na mikono ili asishuke. Akiinua mkono kuita msaada, ameongeza kilo nyingine tatu. Anachoka, anahema, hewa inatoka, anashuka. Lakini akilaza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, maji yanakibeba kichwa, na kinachobaki nje ni uso tu: pua, mdomo na macho. Hapo ile kilo moja inamtosha.

Hesabu hii inatuhusu sisi wa ziwani kuliko ndugu zetu wa Mombasa. Maji ya bahari yana chumvi, nayo ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi kuliko maji baridi. Kwa mtu wa kilo 70, bahari humwongezea karibu kilo 1.7 za kumbeba. Aliyejifunza kuelea Nyali akija Dunga atashangaa kuona miguu yake inashuka. Kwa upande mwingine tuna bahati moja. Maji ya ziwa letu ni ya vuguvugu. Huko Uingereza, ambako maji ya baridi kali humshtua mtu akavuta maji mapafuni katika dakika ya kwanza, chama cha waokoaji wa majini kiitwacho RNLI huwafunza wananchi jambo hilo hilo ninalokuomba: ukianguka majini, kwanza elea. Ikiwa wao wanaweza kuelea katika baridi ile, sisi tuna udhuru gani?

Utasikia pia ule uvumi kwamba Mwafrika ana mifupa mizito na kwamba hakuumbwa kuelea. Nimeusikia hata kutoka kwa watu waliosoma. Ni kweli kwamba miili hutofautiana. Mwenye mafuta mengi huelea kwa urahisi, na kijana mwembamba mwenye misuli huona miguu yake ikishuka. Tofauti hizo zimo katika kila taifa. Kijana kama huyo aache miguu ishuke, ataelea akiwa ameinama nusu, uso juu, huku akipepea viganja polepole kando ya nyonga. Mifupa ya wazee wetu haina kosa. Kinachokosekana ni mafunzo.

Namna ya kuelea

Chagua maji yasiyopita kifua chako, yaliyotulia, na uwe na mtu anayejua kuogelea kando yako. Usijifunze peke yako hata kama maji ni ya kiunoni.

Siku ya kwanza jizoeze kuweka uso majini na kutoa hewa kwa mdomo mpaka viputo vitoke. Rudia mpaka moyo uache kudunda. Anayeogopa maji usoni hawezi kutulia, na asiyetulia haelei.

Pili, kabla ya kujifunza kulala, jifunze kusimama. Watu wengi huogopa kulala chali kwa sababu hawajui watainukaje. Vuta magoti kuelekea kifuani, sukuma maji kwa viganja, leta kidevu mbele, kisha shusha nyayo. Ukijua mlango wa kutokea, hutaogopa kuingia.

Tatu, mwenzako akushike chini ya mabega. Jilaze nyuma kama unayejilaza kitandani. Masikio yaingie majini. Kidevu kiwe juu kidogo, macho yatazame angani. Inua tumbo na kifua. Tandaza mikono kando, au uinyooshe kupita kichwa, maana hapo husaidia kuinua miguu. Vuta pumzi ya kina, izuie kidogo, itoe upesi, kisha vuta nyingine. Usikae na mapafu matupu. Utajisikia ukishuka kidogo ukitoa hewa, na ukipanda ukivuta. Usiogope, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mwenzako aondoe mkono mmoja, kisha wa pili. Lenga sekunde 30. Ukizipata, lenga dakika mbili. Ukizipata hizo, rudia ukiwa umevaa shati na suruali, kwa sababu mashua ikipinduka hakuna atakayekungoja uvae nguo za kuogelea.

Mafunzo haya hayachagui umri. Mama, usiseme umezeeka. Akina dada huniambia kwamba wanaona haya kuvaa nguo ya kuogelea mbele za watu, na kwamba maji huharibu nywele walizozilipia. Vaeni fulana na suruali ya kubana, funikeni nywele. Kule Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umewafunza wasichana Waislamu kuogelea wakiwa wamejisitiri kuanzia kichwani mpaka miguuni, wengine wakijishikiza kwenye madumu matupu ya plastiki. Haya hazikuwazuia, na umaskini wa vifaa haukuwazuia.

Je, tutajifunzia wapi?

Hapa ndipo wengi wanaponikata kauli. "Daktari, kidimbwi cha kuogelea ni cha matajiri." Ni kweli kwamba vidimbwi vingi vya mji wetu ni vya hoteli, vilabu na shule za kibinafsi. Ni kweli pia kwamba siwezi kukupeleka ziwani bila kukuonya. Maji ya ufuoni yana kichocho, ugonjwa unaoingia kwa kupenya ngozi na ambao huharibu matumbo na ini. Kuna viboko. Kuna magugu-maji yanayoficha kina. Kwa mwenye kujifunza, kidimbwi safi ndiyo shule bora. Na ikiwa wewe au mwanao huingia ziwani mara kwa mara, fika kituo cha afya upimwe kichocho. Dawa yake, praziquantel, ipo na inaponya.

Lakini umaskini si sababu ya kukaa bure. Bangladesh ni nchi ya mabwawa na mito, na watu wake wengi hawana uwezo kutuzidi. Huko walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya mabwawa ya vijijini, wakawafunza watoto wa miaka 4 hadi 12. Mtoto alihitimu akiweza kuogelea mita 25, kuelea sekunde 30, na kumwokoa mwenzake bila yeye mwenyewe kuingia majini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012. Vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliofunzwa vilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 90 vikilinganishwa na vya wasiofunzwa. Ni chanjo ngapi tunazojivunia zenye nguvu kama hiyo?

Nina mambo matatu ninayowataka viongozi wetu wa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia wayatafakari. Kwanza, vidimbwi vya hoteli hulala kimya asubuhi za siku za kazi. Kaunti zikae na wenye hoteli, zilipie saa hizo, na shule za msingi zipeleke watoto kwa zamu. Pili, kila kidimbwi kinachojengwa kwa pesa za umma kiwe na sehemu ya kina kifupi ya kufunzia, kabla hatujawaza mashindano. Tatu, kamati za usimamizi wa fuo, zile BMU zetu, zisaidiwe kuzungushia uzio sehemu ya maji tulivu yaliyopimwa, ziweke mkufunzi aliyehitimu, na wavuvi wapya wafunzwe kuelea kabla ya kupanda mashua. Haya yote yanagharimu kidogo kuliko hotuba na majeneza.

Wanaopinga, na mipaka ya dawa hii

Kuna wazazi watakaosema kwamba mtoto akijua kuogelea atalizoea ziwa, naye atakufa kwa ujasiri. Hofu hiyo ina msingi kidogo, hasa kwa wavulana wa umri wa kubalehe. Ndiyo maana anayefunzwa kuelea afunzwe pamoja na kanuni: haingii majini peke yake, haingii usiku, na haingii amekunywa pombe. Lakini kumfungia mtoto asione maji si ulinzi. Mji wetu hauna ukuta baina yake na ziwa. Ziwa lenyewe hutufuata nyumbani, kama lilivyofanya mwaka wa 2020 na tena 2024 lilipopanda kupita viwango vilivyowahi kuandikwa, likafukuza watu majumbani mwao.

Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Asembo, ambaye nilikuwa nikimtibu shinikizo la damu, aliniambia kwamba amevua miaka 30 na hajui kuogelea. Nikamuuliza, "Mzee, ukianguka je?" Akacheka, akasema, "Daktari, nashika mashua." Jibu lake si baya hata kidogo. Mashua ya mbao ikipinduka huendelea kuelea, na anayeing'ang'ania ana nafasi nzuri kuliko anayeiacha akijaribu kuogelea kwenda nchi kavu. Lakini baina ya kuanguka na kuishika mashua kuna dakika moja au mbili, pengine gizani, pengine mawimbini. Kuelea ni kwa ajili ya dakika hizo.

Na tusidanganyane. Kuelea hakuchukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha. Anayepanda mashua alivae, alifunge, asilikalie kama mto. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu wa kumtazama kwa karibu, hata akiwa hodari. Mtoto mdogo hatakiwi kuachwa na maji hata kidogo, kwani beseni la kufulia linatosha kumwua.

Ukimwona mtu anazama, usijitupe. Watu wengi hufa wakiwaokoa wengine. Mwite mtu, mrushie kamba, ufito, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa vizuri. Mtungi wa lita tano humpa karibu kilo tano za kumbeba, mara kadhaa kuliko alizonazo mwenyewe. Mwambie alale chali aukumbatie kifuani. Akitolewa naye hapumui, usimninginize kichwa chini wala usimkande tumbo kutoa maji, kwani unapoteza dakika na unaweza kumtapisha akavuta matapishi mapafuni. Anachokosa ni hewa. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila hewa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mbili hadi tano mdomoni, kisha kandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, ukiendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Aprili 2021, uliitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Siku hiyo hupita Kisumu bila watu wengi kuijua. Usiingoje. Jumamosi hii, kabla ya kulipia chupa nyingine ya soda kando ya ufuo, uliza kiingilio cha kidimbwi kilicho karibu nawe, mchukue mtoto wako, mwombe anayejua akushike mabega. Laza kichwa, masikio majini, vuta pumzi. Wahenga walisema kweli juu ya mfa maji. Wewe na mwanao mnaweza kuwa wa kwanza nyumbani mwenu kuacha kutapatapa.